Likizo ya kisiwani mwezi wa Agosti: tuanze kulipia nini?

Mkatamaji ameuliza:

Salaam, wanajukwaa. Mimi na mwenzangu tunakusudia kuwapeleka watoto wetu wawili likizo ya wiki moja katika kisiwa cha ukanda wa joto, na kwa sababu ya ratiba ya shule hatuna budi kusafiri Agosti. Bado hatujaamua ni bahari ipi, ila visiwa vingi vinavyotuvutia hufikiwa kwa ndege hadi kisiwa kikubwa, kisha kwa boti. Matangazo yanaonyesha mchanga mweupe tu, hayasemi lolote kuhusu mvua, upepo wala boti zinazoahirishwa. Je, tulipie nini kwanza? Mwenzangu angependa pia kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa.

Upepo wa Kusi amejibu:

Ndugu Mkatamaji, kwa kuwa mwezi mmekwisha kupangiwa, uacheni huo mwezi uwachagulie bahari. Katika Karibi msimu rasmi wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na hukolea kuanzia katikati ya Agosti. Bei nafuu mtakazoziona huko hazikushuka bure. Visiwa vya kusini kabisa, kama Aruba na Curaçao, huguswa mara chache. Mauritius na Réunion hupata vimbunga zaidi kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo Agosti hofu hiyo haipo, ingawa ni majira yao ya ubaridi na upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Maldives iko karibu na ikweta, ambako vimbunga ni nadra, lakini Agosti imo ndani ya monsuni (upepo wa msimu) ya kusini-magharibi, yenye mvua na mawimbi.

Mkishachagua kisiwa, chagueni upande wake. Upande unaokabili upepo hupata mawimbi na mara nyingi mvua nyingi zaidi, ilhali upande wa pili unaweza kuwa shwari siku hiyohiyo. Kule Mahé, Shelisheli, ufuo wa Beau Vallon ulioko kaskazini-magharibi hukingwa na milima kusi, yaani upepo wa kusini-mashariki, inapovuma. Angalieni pia jedwali la maji kujaa na kupwa. Katika Karibi tofauti ni ndogo, lakini magharibi mwa Bahari ya Hindi, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufuo uliokuwa na maji hadi ukingoni asubuhi huweza kubaki mwani, vidimbwi na miamba yenye shokomba (wanyama wa bahari wenye miiba) saa sita baadaye, na wanaotaka kuogelea wakalazimika kusubiri. Kwa watoto, viatu vya kuvaa majini ni lazima.

Tiketi Mkononi amejibu:

Mimi hupanga safari ya namna hii kwa kuanzia siku ya mwisho na kurudi nyuma. Usiku wa mwisho lalani kwenye kisiwa chenye uwanja wa ndege, kwa sababu boti ikizuiwa na bahari na tiketi ya ndege mmeinunua mbali na ile ya boti, shirika la ndege halitawajibika kuwasubiri. Mpangilio huo unamfaa pia mpiga mbizi: baada ya kuzamia mara kadhaa, mapendekezo ya kitaalamu ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na waalimu wengi husema 24.

Kuhusu malipo, hakikisheni kwanza siku na saa za boti, kisha lipieni ndege, halafu chumba kinachoweza kufutwa bila faini. Kama kuna ndege ndogo ya kuunganisha, ulizeni uzito wa mizigo mapema, kwani kiwango chake huwa chini kuliko cha ndege kubwa.

Mama Wawili amejibu:

Naongeza ya afya. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi sita, na baadhi hudai cheti cha homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Bima isomwe kwa makini: je, inagharamia kuzamia, na kusafirishwa kwa mgonjwa hadi hospitali kubwa?

Mkatamaji ameuliza tena:

Ahsanteni sana. Boti zikiwa mbili kwa siku, tuchukue ya asubuhi au ya alasiri? Mtoto mdogo hutapika hata ndani ya gari.

Upepo wa Kusi amejibu:

Ya asubuhi. Nchi kavu inapopata joto, upepo kutoka baharini huongezeka, na alasiri mawimbi huwa makubwa zaidi. Tena boti ya asubuhi ikiahirishwa, mnabaki na ya pili. Mketisheni katikati ya chombo kuelekea tezi (nyuma), sitaha ya chini, atazame upeo wa macho badala ya simu. Dawa ya kichefuchefu, kwa kipimo alichoelekeza daktari, apewe kabla ya kupanda, kwa maana akishaanza kutapika haitakaa tumboni.