Gasketi za Morris Minor: nipake silikoni au nifunge kavu?

Wakuu habari zenu. Nina Morris Minor ya 1965, injini ya cc 1098, na inavuja oili kila kona. Juzi nimefungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilichokuta kwenye chujio la pampu ya oili kimenitisha: vipande vya silikoni nyekundu, ile gundi ya kuzibia, vimekauka kama minyoo, vimeziba karibu nusu ya wavu. Aliyeifunga kabla yangu alipaka kama anapaka siagi, ya ziada ikaminyika kwa ndani ikakatika.

Sasa nimenunua seti mpya ya gasketi, zile pedi za kuziba maungio ya injini. Fundi wangu anasema bila silikoni ni kazi bure. Mzee mmoja mwenye gari kama hili ananiambia gasketi ya koki (cork, gome laini la mti) ya kava ya juu ya injini ifungwe kavu, ninyooshe bati la kava kwanza maana limebonyea kwenye matundu ya boliti kwa kukazwa mno. Nimeweka rula juu yake, kweli linacheza.

Gasketi ya silinda hedi sina ubishi, hiyo naifunga kavu. Kinachonisumbua ni sampo: pale kwenye pembe, gasketi za pembeni zinapokutana na vile vipande viwili vya koki vya mbele na nyuma. Nidondoshe silikoni kidogo pale tu, au nipake gundi isiyokauka kote?

Na nyuma ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ambako hakuna sili ya mpira bali mifereji ya kurudisha oili, kuna aliyefanikiwa kupunguza uvujaji? Nisaidieni kabla sijafunga.