Negativu za marehemu baba: napiga kwa kamera ili nichape, ila rangi na kona zinanishinda

Binti wa Mpiga Picha

Wakuu, habari za jioni. Baba yangu alikuwa mpiga picha maisha yake yote. Alipofariki alituachia sanduku la negativu, zile filamu ambazo picha hukaa rangi na mwanga wake vimegeuzwa. Nyingi ni za milimita 35, za rangi na nyeusi-nyeupe, zimekatwa vipande vya picha sita sita. Chache ni zile pana za mraba, sentimita sita kwa sita. Kopi za karatasi walichukua wenye picha zao, kwa hiyo kazi ya mikono yake iliyobaki nyumbani ni hivyo vipande tu.

Ipo moja ya rangi, milimita 35, amejipiga mwenyewe mbele ya kioo, kamera ameishikia chini ya kidevu. Mama anaitaka ukutani, sentimita 30 kwa 45.

Nina kamera ya megapikseli 24 yenye sensa kubwa (kile kibapa cha ndani kinachopokea picha), lenzi ya makro ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, inayofika 1:1, yaani kitu kinatua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, na stendi ya miguu mitatu. Nimelaza filamu juu ya tableti iliyowashwa nyeupe, nikaikandamiza kwa kioo cha fremu, nikapiga. Matokeo yake: kuna vidoti vidogo vilivyopangana picha nzima, kuna miduara ya rangi kama mafuta juu ya maji, kona ya chini kulia haina ukali, na nikigeuza rangi kwenye kompyuta baba anakuwa wa bluu-kijani. Nimejaribu kuchapa moja ndogo, imetoka nyeusi kuliko ninavyoiona kwenye skrini. Halafu maandishi ya kwenye kamera yake yanasomeka kinyume, nikaigeuza kushoto kulia. Nimefanya sawa?

Naombeni mnielekeze taratibu. Sitaki kuharibu.

Fundi wa Chumba cha Giza

Binti yangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Nimesafisha filamu miaka mingi kabla ya kushika kamera ya dijitali, na nakuomba rangi uiache kwanza. Matatizo yako matatu ya mwanzo yanatoka pale filamu ilipolala na namna kamera ilivyoielekea.

Hiyo miduara ni ya kioo. Uso laini wa filamu ukigusana na kioo laini, katikati hubaki hewa nyembamba mno, na mwanga unaorudi kutoka nyuso hizo mbili ndio unaochora miduara. Ondoa kioo. Filamu inataka kushikwa kingo tu, katikati ibaki hewani. Mimi nilikata kadibodi mbili nyeusi, nikatoboa dirisha kubwa kidogo kuliko picha (picha yenyewe ni milimita 24 kwa 36), nikaacha mfereji wa kupitishia kipande. Vilivyojikunja viweke kwenye bahasha zake chini ya vitabu vizito siku kadhaa, usivilazimishe kwa vidole.

Vidoti ni pikseli za tableti. Filamu imekaa juu yake kabisa, basi lenzi inaziona zote mbili. Inua filamu sentimita tano hivi, katikati weka plastiki nyeupe kama maziwa isambaze mwanga. Tableti ifunike kwa karatasi nyeusi, ubaki mwanga unaopita kwenye dirisha tu, na taa za chumbani zima. Mwanga wa pembeni ukiingia kwenye lenzi, weusi wa negativu unafifia na hakuna programu itakayourudisha vizuri.

Kona isiyo na ukali ina maana kamera haikulala sambamba na filamu. Kwa ukaribu huo, unene unaokuwa mkali hata milimita moja haufiki, hivyo jicho na kipimamaji havitoshi. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale inapokaa filamu, bapa kabisa. Tazama kwenye skrini ya kamera: utaiona lenzi ikijitazama. Sogeza kichwa cha stendi mpaka tundu lake likae katikati kabisa ya fremu, kisha funga kila kitu na usiguse tena. Hii hatua irudie kila ukianza kazi. Watu wengi huilaumu lenzi, wakabadilisha lenzi, na kona inabaki vile vile.

Baada ya hapo tumia f/8 (kipimo cha tundu la lenzi, namba ikikua tundu linajifunga), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), faili ya RAW (picha ghafi kabla kamera haijaitengeneza), na kipima muda cha sekunde mbili ili mkono wako usitikise kitu. Kwa ukaribu wa 1:1, f/8 inafanya kazi kama f/16, kwa hiyo usiifunge zaidi ukidhani utaongeza ukali, utaupunguza. Ukali uweke mwenyewe kwa mkono: kuza picha kwenye skrini mpaka uzione chembe za filamu. Usiufuate uso wa mtu, maana mpiga picha mwenyewe huenda aliukosa kidogo. Zifuate chembe.

Upande unaong'aa uelekee lenzi, namba za ukingoni zisomeke sawa. Na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho: kama namba za ukingoni zinasomeka vizuri, huku maandishi ya kwenye kamera ya baba yanasomeka kinyume, basi negativu iko sahihi. Baba alipiga picha ya kioo, na kioo ndivyo kinavyoonyesha. Mimi ningeiacha.

Skana Kwanza

Kwa heshima ya mzee hapo juu, dada, kama negativu za rangi ni nyingi, skana ya filamu yenye mwanga wa infraredi (usioonekana kwa jicho) itakupunguzia kazi. Inaliona vumbi peke yake, kwa sababu rangi za filamu zinaupitisha mwanga huo na vumbi haliupitishi. Kwa kamera utafuta vumbi moja moja.

Fundi wa Chumba cha Giza

Ni kweli, ndugu yangu, kwa za rangi. Kwa nyeusi-nyeupe za kawaida haisaidii, kwa sababu picha yenyewe ni fedha, na fedha inauzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia. Skana ingeona nywele za mtu kuwa uchafu. Binti, pulizia kwa mpira wa hewa pande zote mbili kabla ya kila picha, usitumie mdomo. Na ukiona ukungu (kuvu) kwenye filamu, maji usiguse kabisa: ukungu unalainisha jelatini, lile tabaka linaloshika picha, na maji yanaweza kuifuta picha yote. Kipande chenye harufu ya siki kitenge na vingine leo hii, kwani plastiki yake inaoza na harufu hiyo inaharakisha kuoza kwa jirani zake.

Mwenye Maabara Ndogo

Niongeze kuhusu rangi na kuchapa, maana ndiyo kazi yangu.

Ile rangi ya chungwa inayoonekana kwenye negativu za rangi si uchakavu. Imewekwa kiwandani makusudi, kufidia kasoro za rangi za filamu yenyewe. Ukigeuza picha bila kuiondoa, chungwa inageuka bluu, ndiyo maana baba amekuwa hivyo. Piga picha ukingo mtupu wa filamu ubaki ndani ya fremu. Huo ndio sehemu inayong'aa kuliko zote, kwa hiyo pima mwanga kwake: ukaribie kuungua, yaani kuwa mweupe mtupu, usiungue. Mwanga huohuo utumie kwa kipande chote. Kwenye darktable, programu ya bure ya kurekebisha picha kwenye kompyuta, kuna moduli (chombo cha ndani yake) inaitwa negadoctor. Unaionyesha ukingo, inaitoa chungwa, kisha unarekebisha weusi, weupe na rangi ya ngozi. Bila hiyo, kwenye programu nyingine geuza mstari wa mwanga (curves) juu chini, kisha shughulikia nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, uivute mpaka data inapoanzia na inapoishia.

Ukubwa usikutie hofu. Megapikseli 24 ni 6000 kwa 4000. Kwa sentimita 45 hiyo ni kama pikseli 339 kwa inchi. Ukiacha ukingo ukabaki na 5600, bado ni 316. Karatasi haihitaji zaidi. Zile za mraba zipige vipande viwili vinavyopandana, uviunge, maana kwa mpigo mmoja utapata 4000 kwa 4000 tu.

Giza la karatasi linatokana na skrini yako kuwa na mwanga mkali. Weka karatasi nyeupe karibu nayo, punguza skrini mpaka weupe ulingane. Kisha chapa ndogo tatu za 10 kwa 15, kila moja ukiongeza mwanga kidogo, uchague ndipo uagize kubwa.

Binti wa Mpiga Picha

Mzee wangu, shikamoo, na asanteni nyote. Nimechukua siku nne. Kioo kilinionyesha kwamba kamera ilikuwa imeinama sana, na mimi niliamini iko sawa. Kona sasa ni kali, hata nyuzi za kola yake zinahesabika. Chungwa imeondoka kwa ukingo, ngozi yake nimeirekebisha nikiwa nimemshika mama mkono, yeye akisema "bado, bado, hapo."

Lile la kugeuza sikuliamua. Nilichapa mbili ndogo, moja ilivyo kwenye negativu, moja iliyogeuzwa, nikaziweka mezani bila kusema neno. Mama alichukua iliyogeuzwa. Kwenye ile nyingine saa iko mkono wa kulia, akasema baba hakuwahi kuvaa saa mkono wa kulia siku hata moja aliyoishi naye. Mzee, naomba radhi, nimechapa hiyo. Ile nyingine nimeihifadhi kwenye faili kama alivyojiona mwenyewe.

Kesho naanza za mraba. Kuna tatu zenye harufu ya siki, nimeshazitenga, nazipiga kwanza.

Fundi wa Chumba cha Giza

Hakuna radhi ya kuomba, binti yangu. Mama yuko sahihi. Hizo tatu zipige hata usiku huu kama unaweza.