Tujitoe Jumuiya? Kwanza nileteeni hesabu ya COMESA

Ndugu zangu, kila Tanzania na Kenya zinapokwaruzana unasikia neno lilelile: "Tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenzetu wanatunyonya." Lilisikika 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana peke yao na kuitwa "walio tayari", mpaka Rais Kikwete akasimama bungeni Novemba mwaka ule kusema Tanzania haitoki. Likarudi 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto Namanga. Likarudi Machi 2021, Kenya ilipoyafungia mlango mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu. Na tangu Julai 2025, Serikali yetu ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, linasemwa pande zote mbili za mpaka, na wengine wanalisema kwa hasira kweli.

Naomba nami niseme langu, maana mpaka ule ndio unaonilisha. Nauza vitunguu. Navichukua Mang'ola, kule Karatu, navipeleka Nairobi. Msimamo wangu ni kwamba tusijitoe. Na wanaotaka tujitoe nawadai kitu kimoja ambacho sijaona wakikileta: hesabu ya jumuiya ambayo tulishajitoa, COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Nitafika huko. Kwanza niwaonyeshe Jumuiya ninayoijua mimi, maana wengi wanaobishana juu yake hawajawahi kuishika mkononi. Ni karatasi. Inaitwa cheti cha uasili wa bidhaa, kile cha njia rahisi, cha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Unakijaza palepale mpakani, kinagongwa muhuri, na mzigo wako uliolimwa ndani ya Jumuiya unavuka bila ushuru wa forodha.

Msimu mmoja nilifika mpakani alfajiri na kanta yenye magunia 40. Upande wa pili ofisa mmoja akaniambia nilipe ushuru, la sivyo nishushe. Nikamwonyesha cheti. Akasema hicho hakitumiki tena kwa vitunguu. Nikamuuliza tangu lini, kwa waraka upi. Hakunijibu, akanipa mgongo. Jua likapanda. Turubai ukilifunga, vitunguu vinatokwa jasho. Ukilifungua, vinapigwa jua. Dereva wangu alikaa chini ya gari anakata kucha kwa wembe, hasemi neno, na mimi nazunguka kwenye madirisha na ile karatasi imeshalowa mkononi. Saa nane mchana nikampata mkubwa wao, mama mtu mzima, akakisoma cheti mstari kwa mstari, akamwita yule kijana na kumwambia: "Huyu mzigo wake ni wa Jumuiya, mwache apite." Tukapita. Magunia matatu ya chini yalikuwa yameshaanza kutoa maji.

Mwenzangu mmoja wa sokoni, tunayeheshimiana sana, aliposikia habari hii akasema: "Si unaona? Hiyo ndiyo Jumuiya yenu, wanawanyanyasa na bado mnaitetea." Mimi naona kinyume chake. Aliyeninyanyasa alikuwa anaivunja Jumuiya, na aliyeniokoa alikuwa anaisoma. Yule mama hakunihurumia, hanijui. Alikubali kwa sababu cheti kilikuwa na nguvu, na nguvu hiyo inatokana na nchi yangu kuwa ndani. Siku tukitoka, kile kinabaki karatasi ya kufungia maandazi, na mimi navuka kama mfanyabiashara wa nchi yoyote ya nje.

Kwa nchi ya nje kuna ushuru wa pamoja. Kwa bidhaa nyingi zinazofika zikiwa tayari kwa mlaji ni asilimia 25, na tangu Julai 2022 zipo zinazotozwa 35. Chukua mzigo wangu ule, wa kama shilingi milioni 3.6. Asilimia 25 yake ni laki tisa. Faida yangu ya safari nzima haijawahi kufika laki tisa. Nani atailipa? Mnunuzi wa Nairobi hailipi, atahamia kwingine. Nitarudi Mang'ola nimwambie mkulima ashushe bei.

Hapo ndipo wenzetu wanasema tuna SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, inatosha. Jamani, tuangalie ramani. Kenya haimo SADC. Uganda haimo, Rwanda haimo, Burundi haimo, Sudan Kusini haimo. Kati ya majirani wa Jumuiya ninaopakana nao, ni Kongo peke yake iliyomo. SADC ni nzuri kwa anayeuza Zambia na Malawi, lakini haimvushi mtu Namanga, Sirari, Holili wala Mutukula.

Wengine wanasema lipo Eneo Huru la Biashara la Afrika nzima. Lipo, mkataba wake ulianza kazi 2019 na biashara chini yake ikafunguliwa Januari 2021. Lakini ushuru kule unashuka pole pole, na kila nchi imeruhusiwa kuweka kando bidhaa inazoziona nyeti. Na kuhusu watu kwenda na kurudi, ule mkataba wa Afrika wa uhuru wa kusafiri ni wa peke yake, wa 2018, na nchi zilizouridhia ni chache mno. Mfanyabiashara mdogo wa leo haishi kwa ahadi ya miaka kumi na tano ijayo.

Sasa COMESA. Tulikuwa ndani tangu ilipoanza kazi mwishoni mwa 1994. Septemba 2000, wakati wa Rais Mkapa, tukatoka. Sababu zilizotolewa zilieleweka: uanachama wa kila mahali ni gharama, na viwanda vyetu vilionekana bado vichanga kwa ushindani ule. Mwezi uliofuata, tarehe 31 Oktoba, nchi tisa za COMESA zikaanza kuuziana bila ushuru, Kenya na Misri zikiwemo. Kenya na Uganda hazikutoka COMESA kwa kuwa zimo kwenye Jumuiya yetu. Zilibaki kote kuwili hadi leo. Chai ya Kenya inaingia Misri kwa upendeleo wa COMESA, na Misri ni mmoja wa wateja wakubwa wa chai ya Kenya. Chai ya Mufindi na Rungwe haina upendeleo huo.

Inawezekana kabisa uamuzi ule ulikuwa sahihi. Inawezekana kuna kiwanda Mwanza au Tanga kilichopona kwa sababu tulitoka. Basi tuonyeshwe. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mimi sijamsikia kiongozi akikaa na wakulima au wenye viwanda akawaambia: tulipotoka tuliokoa hiki, tukapoteza kile. Nchi iliyotoka mahali bila kurudi nyuma kuhesabu inatakiwa itoke tena, mahali penye uzito zaidi, kwa sababu tumekasirika?

Nisiwe mnafiki, zipo hoja za wenzangu ambazo sizipuuzi. Ada za uanachama: zipo nchi zinazoingia kwa shangwe kisha michango hailetwi, na shughuli za makao makuu ya Jumuiya, Arusha, zinakwama. Hilo ni kweli na linakera. Kongo: iliingia 2022, kikosi cha Jumuiya kikaenda mashariki mwa Kongo Novemba mwaka huohuo, Desemba 2023 kikaondoka, na Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Jumuiya ambayo wanachama wake wawili, Kongo na Rwanda, wanatuhumiana kwa vita haiwezi kujisifu kwa amani. Na mizigo ya Kongo ilikuwa ikipita bandari ya Dar es Salaam hata kabla Kongo haijawa mwanachama, kwa hiyo anayesema tukitoka bandari itakufa anatutisha bure.

Lakini hoja ya ardhi naomba iachwe, imechosha. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010 imeandika wazi kwamba ardhi itafuata sera na sheria za kila nchi. Tanzania ndiyo iliyoshikilia hapo, na ikapata. Hakuna Mkenya anayepewa shamba Kilosa kwa sababu ya Jumuiya. Akipewa, kapewa na mtu wetu mwenyewe.

Na ile amri ya Julai 2025. Kati ya biashara 15 zilizokatazwa kwa wasio raia, moja ni kununua mazao shambani. Mimi ni mchuuzi, nitasema ukweli wangu: amri hiyo inanifaa. Mnunuzi wa kigeni akiondoka shambani, nabaki mimi na madalali wenzangu. Ila mkulima wa Mang'ola, au yule wa machungwa wa Muheza aliyezoea wanunuzi wa Kenya wanamfuata mpaka kwenye mti, amepungukiwa mtu wa kumpandishia bei. Wanunuzi wawili wakigombea gunia, mwenye gunia anapumua. Akibaki mmoja, tunarudi kwenye lumbesa, gunia la kushindiliwa kupita kipimo. Nawaona watu wakiishangilia amri hii kwa niaba ya "mnyonge", na mnyonge wao ni mimi mwenye kanta, siyo mwenye jembe.

Niseme na la 1977, kwa sababu vijana wanalisikia kama hadithi. Baba yangu mdogo alikuwa fundi katika shirika mojawapo la Jumuiya ya zamani, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika alirudi nyumbani Kilimanjaro na sanduku la zana na barua moja. Mpaka ukafungwa hadi Novemba 1983. Shangazi yetu alikuwa ameolewa Taveta, ng'ambo tu ya Holili. Alipofiwa na mume, waliokwenda kuzika walipita njia za panya usiku. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ulikuja kutiwa saini Arusha Mei 1984, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa mafao watu wake. Wazee waliodai mafao hayo tuliwaona wakiandamana Dar es Salaam, wengine kwa mikongojo, miongo mingi baadaye. Baba mdogo alikuwa na bahasha ya kaki chini ya godoro, ndani kuna ile barua na nakala zake zote. Kila redio ikitaja "wastaafu wa Afrika Mashariki" anaitoa, anazihesabu karatasi, anazirudisha. Alifariki bahasha ikiwa palepale.

Kwa hiyo mtu akiniambia kutoka ni jambo la siku moja, namkumbuka yeye. Hata Mali, Burkina Faso na Niger, zilizotoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025 kwa maneno makali, hazikuthubutu kutoka kwenye umoja wa sarafu ya faranga. Zilijua pesa ya mfukoni mwa watu ni kitu cha kuogopa kugusa.

Mkataba wetu wenyewe unaruhusu kutoka. Ibara ya 145: Bunge lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12. Na mkataba huohuo, ibara ya 30, unampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kulipinga tendo la serikali linalokiuka mkataba, mradi awahi ndani ya miezi miwili. Haki hiyo wachuuzi hatujaitumia. Tungeitumia kwa mahindi, kwa vifaranga, kwa vitunguu vyangu vilivyotoa maji, tungekuwa tunabishana mengine leo.

Basi wanaotaka tujitoe, karibuni, sina ugomvi na mtu. Nijibuni matatu tu. Tulipata nini tulipotoka COMESA? Vitunguu vya Mang'ola vitavuka kwa karatasi gani asubuhi ya siku ya kwanza? Na yule mtumishi wetu aliyeko Arusha leo, mwenye umri aliokuwa nao baba mdogo 1977, barua yake itaandikwa na nani?