Nimepewa kazi ya asistenti dairekta kwenye filamu ndogo, naanzia wapi?

Mwanaseti:

Wakuu habarini. Nimekua nafanya kontinuiti (kuangalia nguo, vitu na mikao visibadilike toka shoti moja hadi nyingine) kwenye filamu fupi fupi kama tatu hivi, sasa kuna dairekta mmoja anatengeneza filamu yake ya kwanza ndefu kaniambia niwe asistenti dairekta wake, wa kwanza (anayeendesha ratiba na seti) na wa pili (anayemsaidia kuandaa watu na karatasi za siku) kwa pamoja maana hela ya kuweka watu wawili haipo. Skripti ina kurasa 92, siku za kushuti ni 16, timu nzima tuko 14 na yeye mwenyewe ndo prodyuza pia.

Nilikubali kwa sababu naipenda hii kazi, ila kusema kweli kinachoninyima usingizi ni filamu moja niliyokuwepo mwaka jana, siku ya pili tu tukachelewa, hakuna aliyesema kitu, tukashuti mpaka saa 9 usiku, asubuhi saa 1 watu wanatakiwa tena seti. Muigizaji mkuu alikua anasahau mistari aliyokua anaijua vizuri kabisa. Sitaki kuwa mtu aliyekaa kimya namna ile. Naombeni mnieleze kazi yenyewe ikoje kiundani, na namwambiaje dairekta kwamba muda umeisha bila kuharibu mambo.

karatasi_za_rangi:

Hongera sana dada. Cha kwanza, kazi yako kubwa unaifanya kabla kamera haijawashwa, ukifika seti siku ya kwanza bila ratiba uliyoichambua mwenyewe basi umeshachelewa tayari. Chukua skripti uisome mara moja kama mtazamaji bila kalamu, halafu rudi na kalamu na rula. Kila ukurasa unagawanywa sehemu 8, kila sini (tukio moja la sehemu moja na wakati mmoja) unaandika ina urefu gani, mfano 1 na 3/8, au 6/8. Halafu kila sini unatoa vitu vyote vinavyohitajika, waigizaji, ekstra, nguo, vifaa vya mkononi, magari, mekapu ya damu, watoto, wanyama, mvua, kila kitu, usimwachie mtu mwingine hii kazi maana ukiifanya mwenyewe skripti inakuingia kichwani.

Kwa hesabu yako 92 kwa 16 ni kurasa 5 na 6/8 kwa siku. Siku ya masaa 12 ukitoa saa moja ya chakula zinabaki 11, kwa iyo una kama dakika 115 kwa kila ukurasa, na humo ndani kuna kupanga taa, kuhamisha kamera, kurekebisha nguo, kila kitu. Inawezekana ila ni ngumu na inatakiwa dairekta aijue hiyo namba mapema.

Ila usiziamini kurasa peke yake!! Mwandishi akiandika "wanapigana mpaka meza inavunjika" hapo ni 1/8 tu ya ukurasa na inaweza kula nusu siku, wakati watu wawili wamekaa wanaongea kurasa 4 unaweza kuzimaliza asubuhi moja kama wanajua mistari. Kupanga, anza na lokesheni, vyote vya sehemu moja vikae pamoja, halafu angalia waigizaji wanapatikana lini, halafu mchana na usiku. Sini nzito ya kulia usiiweke siku ya kwanza, watu bado hawajazoeana. Na kila wiki weka pembeni sini moja ya ndani ambayo mvua ikinyesha mnahamia hapo.

Alafu mapumziko, kuanzia watu wanaondoka seti mpaka wanarudi yasipungue masaa 10, mimi napigania 12. Ukitoka kwenye usiku kwenda mchana weka siku ya kupumzika katikati. Kilichompata yule muigizaji wako kilianzia kwenye ratiba.

fundi_taa82:

Mimi ni mtu wa taa, nimefanya na maasistenti wengi, wacha nikwambie wale tuliowapenda walikua wanafanyaje. Kwanza wanatuambia sini inayofuata kabla hii haijaisha. Dairekta na waigizaji wanafanya mazoezi tukiwa tunaangalia, halafu waigizaji wanaenda mekapu na sisi tunapanga taa, wakirudi wanapitia mara moja ya mwisho ndo tunashuti. Ukichanganya huo mpangilio watu wote wanakaa wanasubiriana. Ukishaita kimya, sauti wanaitikia, kamera inaitikia, klapa (kile kibao chenye namba ya shoti) inapigwa, halafu nyamaza, ekshen ni ya dairekta.

Kuhusu kumwambia dairekta, nitakupa tukio moja. Tulikua jikoni, jua linaingia dirishani na dairekta alitaka lile jua lile lile, saa 10 jioni na kwenye karatasi zimebaki shoti 7, sote tunaona haziishi. Asistenti hakuongea kwenye redio wala hakupiga kelele, alienda akachuchumaa pembeni ya kiti chake akamuuliza taratibu "kati ya hizi saba ipi ukiikosa sini haipo?" Dairekta akakaa kimya kidogo, akaweka kidole kwenye moja, mkono wa mama umeshika mlango haufungui. Tukaishuti hiyo kwanza, tukapata na nyingine mbili, jua likaondoka. Zile nne hakuna aliyezikumbuka tena. Kwa iyo usimwambie "muda umeisha", mwambie "tuna dakika 50, tutumie kwenye nini", na umwambie wakati bado kuna cha kuchagua.

Kingine kidogo, kabla hamjahama lokesheni msimamishe kila mtu sekunde 30 jamaa wa sauti arekodi ukimya wa chumba, unatumika kuziba mapengo ya sauti kwenye uhariri. Wewe ndo unawazuia watu wasianze kukunja nyaya.

mlinzi_wa_seti:

Wote mmeongea vizuri ila hili lazima liandikwe. Usalama wa watu kwenye seti ni kazi yako. Tarehe 20 Februari 2014 kule Georgia, Marekani, msaidizi wa kamera Sarah Jones, miaka 27, aligongwa na treni akafa kwenye daraja la reli ambalo kampuni ya reli haikuwapa ruhusa kushuti. Asistenti dairekta wa kwanza alikutwa na hatia mwaka uliofuata, kifungo cha nje miaka 10. 2021 mpiga picha Halyna Hutchins akafa New Mexico kwa bunduki iliyokua na risasi ya kweli, na asistenti wa kwanza alikuja kukubali mahakamani kwamba hakuikagua ile silaha inavyotakiwa.

Kwa iyo kila asubuhi kabla ya shoti ya kwanza wakusanye wote 14 uwaambie leo kuna nini cha hatari, ngazi, gari, moto, maji, na njia ya kutokea iko wapi. Ukiambiwa "tuibe shoti moja ya haraka" sehemu ambayo hamna kibali sema hapana, na hapo usibembeleze. Na dereva aliyefanya kazi masaa 16 usimruhusu aendeshe watu usiku.

Mwanaseti:

Asanteni mno, nimekaa na skripti toka jana na rula yangu. Nimegundua kwenye ratiba aliyonipa dairekta siku ya 4 ina kurasa 9 na 2/8, lokesheni mbili, na mtoto wa miaka 6 yupo kwenye sini ya mwisho ya usiku. Yeye alizihesabu kama "sini tano tu".

karatasi_za_rangi:

Umeona sasa. Mtoto mpeleke asubuhi, kama sini lazima iwe usiku basi zibeni madirisha kwa vitambaa vyeusi mshuti usiku saa 3 asubuhi. Lokesheni ya pili itoe kabisa siku hiyo, kuhama tu kutakula masaa mawili. Zinazobaki zigawe kwenye siku ambazo hazijafika kurasa 5, halafu kaa naye mezani wiki hii mwoneshe ratiba zote mbili, ya kwake na ya kwako, mbele ya mpiga picha. Usimtumie meseji.

Mwanaseti:

Tunakutana Alhamisi. Naenda na zote mbili.