Naomba ushauri: boila ya kuni ya 1986, vumbi la moshi limezidi kikomo

Wakuu, habari za kazi. Niko matengenezo kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi. Boila yetu ni ya kuni, tani 6 za mvuke kwa saa, ilifungwa mwaka 1986. Moshi umepimwa mwezi uliopita, vumbi likakutwa juu ya kikomo. Tumepewa miezi sita.

Mpaka sasa tumebadilisha kuni kwanza: mikaratusi inapasuliwa na kukaa bandani miezi minne, unyevu umeshuka kutoka karibu asilimia 50 hadi 28. Mirija tumesafisha, na mlango wa tanuri uliokuwa unavuta hewa tumeuziba. Mchana moshi mweusi umepungua kweli. Usiku, kijana wa zamu akijaza kuni kwa mkupuo ili apate kusinzia, dohani inafuka kama tanuri la mkaa. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari unakuta majivu laini kama poda. Hayo ndiyo yananishinda, maana saikloni yetu (chombo kinachozungusha moshi ili vumbi lidondoke) inakamata chembe kubwa tu.

Muuzaji mmoja anatusukumia filta ya mifuko, yaani mifuko ya kitambaa inayochuja moshi. Naogopa cheche zitaitoboa. Mwingine anataka tuoshe moshi kwa maji, ila hayo maji machafu tutayamwaga wapi?

Aliyewahi kufunga filta ya mifuko kwenye boila ya kuni, cheche alizizuiaje? Na kwa umri huu, inafaa kuifungia filta au pesa hiyo iende kwenye boila mpya? Unene wa ganda la boila ulipimwa, bado uko vizuri.