Mteja akisema "nina uchungu" mnampa ngazi gani? Tunaopima tuko wawili na hatukubaliani

mnasihi_moro:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye utafiti wa masta ya ushauri nasaha, nina rekodi za wateja waliokubali kurekodiwa na natumia ile skeli ya akina Klein, Mathieu, Gendlin na Kiesler ya 1969, ya ngazi 1 mpaka 7, kupima mteja anazama kiasi gani kwenye hisia zake anapoongea. Sasa kuna mama anasema (nimebadilisha maneno kidogo) "nina uchungu na mama yangu, uchungu umenikaa hapa", mimi nikaandika 4, huzuni, mwenzangu akaandika 2, hasira, anasema huyu analalamika tu. Yeye anasoma tafsiri ya Kiingereza, mimi nasikiliza sauti. Na je mteja akilia ndo anapanda ngazi? Nimekwama wiki ya tatu saivi, naombeni msaada.

BiTausi:
Pole mdogo wangu. Hapo mmechanganya vitu viwili. Skeli hiyo haiulizi ni hisia gani, inaulizia mtu anaongeaje kuhusu hisia yake, kwahiyo huzuni na hasira zote zinaweza kuwa 2 na zote zinaweza kuwa 6. Kama unataka aina ya hisia kuna mfumo wa Pascual-Leone na Greenberg, ule unatenganisha hasira ya kusukumia mbali na hasira ya kudai haki yako, na majonzi pia yana nafasi yake, ila hiyo ni kazi nyingine.

Kulia hakupandishi ngazi. Mtu anaweza kulia nusu saa akisimulia alichofanyiwa na bado yuko chini. Angalia hivi: "mume aliondoka akaniachia kodi haijalipwa", hiyo 2. "Niliumia sana aliponiacha", 3. "Nilijiona kama kitu kilichotupwa, ndo maana hata kwa dada sikwenda", hapo 4, ameanza kujieleza yeye. Halafu anashika kifua, ananyamaza, anasema "pamebana hapa... sio hasira hii... ni aibu, eeh, nilikuwa najionea aibu", mimi hiyo naipa 6, kitu kimejitokeza palepale na yeye mwenyewe anakishangaa. Kwenye maandishi ule ukimya haupo kabisa!

Na tafsiri achaneni nayo jamani, nakuomba sana. Uchungu wetu ni majonzi, ni kinyongo, ni hata wa kuzaa. Roho kuniuma inaweza kuwa wivu au huzuni. Ukiivusha kwenda Kiingereza lazima uchague moja, na hapo aliyechagua ni mtafsiri, mteja hajasema.

kijana_wa_Kisauni:
Naongezea kwa hesabu. Kama mnatumia kappa ya kawaida (ile namba ya kuonyesha wapimaji wawili wanakubaliana kiasi gani) itawaumiza bure, maana yenyewe ikiona mmoja kaandika 3 na mwingine 4 inahesabu ni kosa sawa na 1 na 7. Hizi ni ngazi, tumieni kappa yenye uzito ama ICC, kipimo kingine cha makubaliano, hizo zinaangalia mmepishana kwa umbali gani. Pia kateni rekodi vipande vya urefu sawa, kama dakika tano tano, afu kila kipande kipeni alama mbili, ngazi aliyokaa muda mwingi na ngazi ya juu aliyofika. Huenda wewe uliandika ya juu, mwenzako akaandika aliyokaa. Na kila mtu apime peke yake kwanza, msikae meza moja mkishawishiana.

mnasihi_moro:
Asante sana bi mkubwa, asante kaka. Jana usiku tumesikiliza tena kile kipande kwa Kiswahili, kila mtu na hedifoni zake. Baada ya "umenikaa hapa" kuna ukimya mrefu afu anasema kwa sauti ndogo "sijui hata kama nilimkasirikia au nilimkosa". Kwenye tafsiri hiyo sentensi haikuwepo, aliyeandika alidhani amemaliza. Wote tumeandika 5, maana anajiuliza kuhusu hisia yake mwenyewe. Kesho naenda kwa supavaiza kumuomba turudie rekodi zote kwa sauti.

BiTausi:
Nenda na hicho kipande, msikilizishe.