Kuvua samaki kwenye gemu si kugraindi? Naomba ushauri, nyumbani hatuelewani

BintiWaIgoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie, hasa nyie mliokaa miaka mingi kwenye gemu za mtandaoni za kukuza mhusika.

Tuko watano, tunacheza Old School RuneScape kwa mtindo wa Group Ironman. Kwa wasioujua: kikundi kinakuwa na watu 2 hadi 5, mna stoo ya pamoja, mnapeana vitu nyie kwa nyie, na kununua bidhaa kwa wachezaji wengine kule Grand Exchange hairuhusiwi. Kila mshale na kila samaki mnautafuta wenyewe. Yupo kaka yangu, watoto wawili wa mjomba walioko Sengerema, jirani yetu hapa Igoma, na mimi.

Tulipoanza tulikubaliana kwamba anayegraindi, yaani anayekomaa na kazi ya kuchosha ili kupata levo au vitu, kwa ajili ya kikundi ndiye atakayechagua kwanza kitu kizuri kikipatikana. Mimi nikachukua uvuvi na upishi. Navua papa, ambao wanataka levo 76 ya uvuvi, nawapika, nawaweka stoo. Papa mmoja anarudisha pointi 20 za uhai, kwa hiyo anayekwenda kupigana anajaza begi na kuondoka. Kaka yeye amepanda Slayer, ujuzi wa kuwinda viumbe, hadi levo 85, akaanza kuua mashetani wa Abyssal, na wiki hii mmoja wao amedondosha mjeledi, silaha adimu.

Sasa anasema mjeledi ni wake bila mjadala kwa sababu yeye ndiye aliyegraindi. Kuvua anasema si kugraindi, ni kubonyeza mara moja halafu unaendelea kupika ugali. Kauli hiyo imeniuma. Hao papa aliokuwa anakula huko vitani walitoka wapi? Watoto wa mjomba wamegawanyika, mmoja yuko na mimi, mmoja yuko na kaka. Niambieni ukweli hata kama sitaupenda: kipi ni kugraindi na kipi sicho? Na mjeledi akae nao nani? Nawasilisha.

Chuma_Pasiansi

Kaka yako yuko sahihi, dada. Kugraindi ni kuua kiumbe kilekile mpaka kitoe unachokitaka. Kuvua, kukata miti, kuchimba madini, hizo ni shughuli za pembeni. Mjeledi ni wake.

MamaPili_Nyegezi

Chuma mdogo wangu, hapo nakupinga, na nakupinga kwa nguvu. Gemu hizi nimezianza enzi za intaneti kafe pale mjini, tunalipia kwa saa na mtu amesimama nyuma yako anasubiri kiti. Mabishano haya nimeyasikia tangu wakati huo.

Mimi naangalia mambo matatu. Je, unafanya kitu ambacho tayari unakiweza? Unakirudia? Na kinachoamua matokeo ni muda wako kuliko akili au wepesi wa mkono? Yakiwepo yote, unagraindi, hata kama hakuna damu iliyomwagika. Papa wa huyu binti wamo. Kwenye RuneScape levo 99 inataka pointi 13,034,431 za uzoefu, na ukifika levo 92 ndiyo kwanza uko nusu ya safari. Papa mmoja anatoa pointi 110 za uvuvi. Piga hesabu: kutoka 92 hadi 99 kwa papa pekee ni samaki zaidi ya 59,000. Mtu asikwambie hiyo ni shughuli ya pembeni.

Halafu geuza upande wa pili. Siku kaka alipokutana na bosi, yaani adui mkubwa, asiyemjua, akafa, akarudi, akasoma mapigo yake, akafa tena, pale alikuwa anajifunza. Kugraindi kulianza baada ya kumzoea. Bosi ni yuleyule, ila kazi imebadilika.

Na kuna mtu wa tatu ambaye makubaliano yenu yanamsahau. Kuna kazi inaitwa Waterfall Quest. Ukiimaliza unapewa pointi 13,750 za Attack (ustadi wa kulenga) na 13,750 za Strength (nguvu ya pigo). Mhusika wa levo 1 anaruka hadi levo 30 kwa zote mbili bila kuua hata kuku. Unapita katikati ya viumbe wanaoweza kukumaliza kwa pigo moja au mawili, kwa hiyo inataka utulivu na kupanga. Aliyefanya hivyo hajagraindi hata kidogo, tena amewaokolea wenzake muda mwingi. Kwa kanuni yenu huyo anachagua wa mwisho! Hapo ndipo mlipofungana kamba, dada. Mmeweka zawadi kwenye uchovu badala ya kuiweka kwenye hitaji la kikundi.

Takwimu_Malimbe

Nasoma takwimu hapa chuoni, naomba niongeze jambo. Shetani wa Abyssal anatoa mjeledi kwa nafasi 1 kati ya 512 kila anapouawa. Watu wengi wanadhani ukiua 512 umeupata. Hapana. Gemu haina kumbukumbu ya uliowaua jana, kila shetani ni bahati mpya. Katika wachezaji 100 waliofikisha 512, takribani 37 watakuwa bado mikono mitupu. Ukifika 1,024 bado kuna kama 13 au 14 ambao hawajaona kitu.

Kwa hiyo mjeledi wenyewe hauthibitishi nani alifanya kazi zaidi. Jirani yako angeweza kuua mashetani mara mbili ya kaka na asiambulie kitu. Uvuvi ni tofauti: saa zako zinaonekana stoo, samaki kwa samaki. Ukigawa kwa kuangalia nani kadondokewa, unalipa bahati.

Chuma_Pasiansi

Hesabu nimeielewa, mkuu. Lakini mtu anaweza kuvua huku analala. Siku hizi kuna programu za kubonyeza simu zenyewe.

FundiMakoroboi

Hapo ngoja nizungumze, maana simu zinaletwa kwangu na vijana wananiomba niwawekee programu hizo. Siweki. Jagex, wenye RuneScape, wamezipiga marufuku, na akaunti ikigundulika inafungwa. Kwenye kikundi cha watano mnaotegemeana, mmoja akifungiwa wote mmeumia. Na kwa kipimo cha MamaPili, programu ikivua, muda wako haumo tena. Hicho si kugraindi, ni kudanganya wenzako.

BintiWaIgoma

Fundi, situmii hizo na sitazitumia. Navua kwa mkono, simu iko mezani, sehemu ya samaki ikihama nabonyeza nyingine.

Kagera_Mtulivu

Kutoka Bukoba hapa. Tahadhari moja tu: msihamie kwenye kuhesabu saa. Nilikuwa nacheza gemu nyingine, Genshin Impact, kule kuna kitu kinaitwa resini, kinajirudisha 1 kila dakika 8 na mwisho wake ni 200. Ikiisha, hata ukeshe, zawadi kubwa za siku hiyo huzipati, kwa hiyo mwenye bando kubwa hawezi kumwacha mwenzake mbali sana. RuneScape haina kizuizi hicho. Mkihesabu saa, anayetegemea bando la usiku atashindwa na mwenye waifai kila siku, na mtamwita mvivu kwa kosa la kipato.

Mwaloni_Kirumba

Dada, mimi ni mtu wa dagaa. Kwetu mtumbwi ukirudi alfajiri hatuulizani nani alishika taa na nani alivuta nyavu. Kwanza yanatolewa mafuta na gharama zote, kinachobaki ndiyo kinagawanywa kwa mafungu tuliyopatana kabla ya kuingia ziwani. Papa wako ni mafuta ya safari ya kaka. Wahesabiwe kwanza, ndipo muongelee mjeledi.

Swali langu: nani kati yenu anaweza kuutumia sasa hivi?

MamaPili_Nyegezi

Swali zuri sana hilo, na nilipaswa kulitanguliza. Mjeledi unataka Attack 70 kuushika. Na jambo ambalo wengi wanaligundua wakishaupata: hauna mtindo wa kukuza Strength peke yake. Unakuza Attack, au Defence (kujikinga), au unagawanya pointi kwa zote tatu. Anayetafuta Strength atumie silaha nyingine. BintiWaIgoma, tupe levo zenu.

BintiWaIgoma

Nimekaa na kaka tumesoma uzi wote pamoja, asanteni sana. Attack yangu ni 61, kwa hiyo mimi siwezi hata kuushika. Kaka ana 80 na anachotafuta kwa sasa ni Strength. Mtoto mkubwa wa mjomba ana 72 na anapandisha Attack. Tumempigia simu Sengerema, mjeledi unaanza kwake, akifika 80 anaurudisha stoo.

Kanuni ya zamani tumeifuta. Kila Jumapili tutasema kikundi kinahitaji nini wiki hiyo, na kila atakayeleta kinachohitajika ana haki sawa, awe amevua, ameua au amemaliza kazi ngumu. Kaka amekubali kwamba papa walikuwa kazi. Amenitamkia mwenyewe mbele ya mama, na kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko mjeledi.

Limebaki moja: anataka kunipokea zamu ya uvuvi ili na mimi nipandishe Attack, lakini uvuvi wake uko levo 31 tu. Aanzie wapi?

MamaPili_Nyegezi

Mpeleke mtoni, Barbarian Village, na ndoano ya manyoya. Kwa levo 31 atapata trauti na samoni kwa pamoja, na manyoya yanauzwa kwenye duka la uvuvi Port Sarim, hahitaji mchezaji mwingine. Akifika 40 mnaweza kumpeleka kwenye kamba-kochi mkihitaji chakula, ila kwa kupanda levo haraka abaki palepale mtoni. Samaki wote apeleke jikoni kwako, wasitupwe.